Kuhesabu kwa Kiarabu ukiwa Mwanza: uanze na hesabu ya chuoni au ya mtaani Muscat?

Wiki iliyopita binti mmoja alikuja barazani kwangu, Kirumba, jioni, wakati akina mama wa Mwaloni wanarudi na ndoo zao za dagaa. Akaamkia, akaketi mkekani, akatoa karatasi mbili. Ya kwanza aliandikiwa na ustadhi wa chuo cha Qurani alichosoma utotoni: wahid, ithnan, thalatha, mpaka ahada 'ashar. Ya pili aliiandika mwenyewe akisikiliza sauti aliyotumiwa kwa simu na dada yake anayefanya kazi Muscat: wahid, ithnen, thalatha, mpaka ihda'ash. Safari yake imebakiza miezi miwili na nusu.

"Mama, nishike ipi? Mbona hizi mbili hazipatani?"

Mimi nimepita pande zote mbili. Nilisoma chuoni nikiwa mtoto, ukubwani nikaishi Muscat miaka minne, na sasa nawafundisha watu wazima wanaoanza. Nimeona wengi wakishika njia isiyowafaa, wakahangaika miezi, wakakata tamaa wakisema Kiarabu ni kigumu. Inaniuma, kwa sababu katika Kiarabu chote, hesabu ndiyo inayomlainikia Mswahili kuliko kitu kingine. Kwa hiyo nimekaa nikazipanga hesabu hizo mbili sambamba, ili mwenye swali kama la binti yule aone mwenyewe ipi inamfaa.

Nikisema hesabu ya chuoni nina maana ya fus-ha, Kiarabu cha msahafu, vitabu na taarifa ya habari. Nikisema hesabu ya mtaani nina maana ya inayosemwa Oman na kwa jirani zake wa Ghuba, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakokwenda au tuna ndugu. Mitaa ya Waarabu iko mingi. Mmisri anasema itnen, talata, tamanya, na Mmoroko akitaka mbili anasema juj. Hizo naziacha, zisije zikamchanganya anayeanza. Alama hii ' katika maandishi yangu inasimama badala ya herufi 'ayn, ile sauti inayobanwa kooni, isipokuwa katika mi'a na jamaa zake, ambapo ni kukata sauti kidogo tu.

Kabla ya kuchagua, hesabu ulichonacho

Watu karibu wote wanaanza na moja mpaka kumi. Kwa Mzungu ni sawa. Kwa Mswahili naona ni kuanzia pagumu, kwa sababu moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni zetu wenyewe za Kibantu na hazitusaidii chochote upande wa Kiarabu. Tulizochukua kwa Waarabu hapo chini ni tatu tu: sita, saba na tisa. Bibi yangu Msukuma alikuwa akihesabu samaki kwa kusema tandatu pale sisi tunaposema sita, na kenda pale tunaposema tisa. Kiswahili nacho kilikuwa na kenda hiyohiyo, na saba yetu ya zamani bado inaishi harusini: fungate ni siku saba za maharusi.

Ukipanda juu ya kumi mambo yanageuka. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini, mia, elfu: zote ni za Kiarabu, na umezijua tangu hujaota meno ya pili. Mwarabu wa Muscat anasema 'ishrin, thalathin, arba'in, khamsin, sittin, sab'in, thamanin, tis'in. Ondoa irabu ya mwisho katika neno lako, bana koo kidogo panapohitajika, umefika. Ndiyo maana wanafunzi wangu wote huanza na makumi. Siku ya kwanza mtu anakwenda nyumbani akiwa na namba kumi kamili, na moyo wake umetulia.

Viko vingine ulivyonavyo bila kujua. Nusu, robo na thuluthi ni za huko. Ushuru unaolipa ukishusha mzigo Mwaloni umetokana na 'ushr, sehemu moja ya kumi. Alhamisi maana yake ni ya tano, kwa sababu Waarabu huhesabu siku kuanzia Jumapili. Sisi tunaanzia Jumamosi, ndiyo maana Jumatano nayo ni ya tano. Wiki yetu ina siku mbili za tano zinazofuatana, na nikimweleza mwanafunzi hilo, khamsa haimtoki tena kichwani. Wazee wa pwani walikuwa hata na thenashara, kumi na mbili, na elfeni, elfu mbili, ambazo siku hizi huzisikii ila kwa wachache.

Maneno yenyewe

| Namba | Chuoni | Mtaani Muscat | Kiswahili kinachokaribia |
|---|---|---|---|
| 1 | wahid | wahid | – |
| 2 | ithnan | ithnen | – |
| 3 | thalatha | thalatha | – |
| 6 | sitta | sitta | sita |
| 8 | thamaniya | thamanya | – |
| 11 | ahada 'ashar | ihda'ash | – |
| 12 | ithna 'ashar | ithna'ash | thenashara |
| 15 | khamsata 'ashar | khamsta'ash | – |
| 20 | 'ishrun | 'ishrin | ishirini |
| 50 | khamsun | khamsin | hamsini |
| 100 | mi'a | miya | mia |
| 200 | mi'atan | miten | – |
| 1,000 | alf | alf | elfu |
| 2,000 | alfan | alfen | elfeni |

Nne, tano, saba, tisa na kumi sikuziandika kwa kuwa pande zote mbili ni arba'a, khamsa, sab'a, tis'a, 'ashara, tofauti ni mvuto mdogo wa ulimi. Ukiangalia vizuri, ukiacha tofauti ndogo kama ya ithnan na ithnen, ugomvi wa hesabu hizi uko mahali pawili tu. Pa kwanza ni kumi na moja mpaka kumi na tisa: chuoni unatamka maneno mawili yaliyokamilika, mtaani yameshikana na ile r ya mwisho imemezwa. Pa pili ni mwisho wa makumi. Fus-ha ina 'ishrun na 'ishrin, kutegemea neno limekaa wapi katika sentensi. Mtaani imebaki 'ishrin peke yake. Na sisi tulichukua hiyohiyo ya -in, tukaitilia irabu, ikawa ishirini. Kwa makumi, basi, Mswahili yuko karibu zaidi na mtaa kuliko chuo.

Upande wa matamshi naipa chuo ushindi bila kusita. Katika namba kumi za mwanzo, 'ayn imo kwenye nne, saba, tisa na kumi. Ile h nzito imo kwenye wahid. Kh imo kwenye khamsa. Aliyepitishwa na ustadhi kwenye makhraji, yaani mahali kila sauti inapotokea, herufi kwa herufi, anazitoa zilivyo. Aliyejifunza kwa kusikia tu mara nyingi husema "araba" na "saba", na Mwarabu anamwomba arudie. Na sisi wa kanda ya ziwa tuna la kwetu: ndimi nyingi huku husema "selasini" na "semanini". Muscat th ni th. Kama ulimi wako huwa unaigeuza kuwa s, irekebishe hapa hapa nyumbani, kwenye Kiswahili chako, kabla hujagusa Kiarabu.

Moja mbele ya makumi: huu mtihani uko pande zote

Hapa hakuna chuo wala mtaa. Mwarabu husema kwanza mamoja, ndipo makumi. 25 ni khamsa wa 'ishrun chuoni, khamsa w 'ishrin mtaani. Yaani tano na ishirini. Sisi tunasema ishirini na tano. Ikipanda juu, mia inatangulia, halafu mamoja, halafu makumi: 125 ni mia na tano na ishirini.

Mwezi wangu wa kwanza Muscat niliandika namba ya simu ya dereva aliyekuwa anipeleke hospitali. Alikuwa ananisomea tarakimu mbilimbili. Aliposema tis'a w sab'in mimi nikaandika 97, kwa sababu sikio langu lilikuwa limeshika tisa kwanza, na mkono ukafuata sikio. Ilikuwa 79. Nilisimama juani karibu saa nzima nikipiga simu ya mtu mwingine kabisa. Maneno yote mawili nilikuwa nayajua tangu utotoni. Kilichonikosesha ni mpangilio, na hilo chuoni sikuwahi kulifanyia zoezi, kwa sababu kule tulihesabu kwa kufuatana, moja mpaka mia, kama wimbo.

Ukihesabu kwa wimbo, namba inakuja na jirani yake. Maishani namba inakuja peke yake. Kwa hiyo njia yoyote utakayoshika, fanya mazoezi ya namba zilizotawanyika. Zoezi langu ni la stendi. Nenda Buzuruga au Nyegezi, simama kivulini, soma zile tarakimu tatu za kwenye vibao vya namba za daladala. Gari likiwa na 547, sema khamsmiya w sab'a w arba'in, na kama unafuata njia ya chuo, khamsumi'a wa sab'a wa arba'un. Gari halikusubiri, na ndivyo anavyokuwa muuza duka. Angalia sana saba na tisa. Sab'a na tis'a, sab'in na tis'in, kwenye simu yenye mikwaruzo zinafanana kama pacha.

Kuhesabu vitu: hapa njia zinaachana

Kama ni kuhesabu hewani tu, chuo na mtaa ni ndugu. Ukianza kuhesabu vitu, fus-ha inakuwa na sheria zake, na lazima nizieleze kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo wanaoanza wengi huvunjika moyo bila sababu.

Kiarabu hugawa majina kwa kiume na kike. Mtumbwi, qarib, ni wa kiume. Samaki mmoja, samaka, ni wa kike. Kwa tatu mpaka kumi, fus-ha hugeuza: kitu cha kiume kinapewa namba yenye alama ya kike, ile -at ya mkiani, na cha kike kinapewa namba isiyo na alama hiyo. Mitumbwi mitatu ni thalathatu qawarib. Samaki watatu ni thalathu samakat. Aliyesoma Suratul Haqqah anayo mfano wake kifuani tayari, pale panaposemwa juu ya upepo uliowaangamiza watu wa Adi: sab'a layalin wa thamaniyata ayyam, usiku saba na siku nane. Usiku ni wa kike, namba yake imevuliwa ile alama. Siku ni ya kiume, namba yake imevishwa. Mimi nilisoma aya hiyo miaka mingi kabla ya mtu kunionyesha kwamba sheria nzima ya hesabu imekaa ndani yake, na siku niliyoonyeshwa nilishindwa kulala kwa furaha.

Kuna zaidi. Mbili haina haja ya neno la namba. Jina lenyewe linaongezwa mkia: samakataan, samaki wawili. Tatu mpaka kumi, jina linakuwa la wingi. Kumi na moja na kuendelea jina linarudi umoja: mitumbwi ishirini ni 'ishruna qariban, "ishirini mtumbwi". Katika Sura Yusuf zile nyota kumi na moja za ndotoni ni ahada 'ashara kawkaban, na kawkab ni nyota moja. Kila moja ya hizo inabadilisha irabu ya mwisho kwa namna yake.

Mtaani sheria hizi zimelegea sana. Mkia wa mbili umebaki: riyalen, riali mbili. Wingi na umoja umebaki: khams riyalat kwa riali tano, lakini khamsin riyal kwa riali hamsini. Ila ile kugeuza kiume na kike, wengi hutumia umbo fupi la namba kwa kila kitu na hakuna anayekusahihisha. Irabu za mwisho zimekwisha kabisa.

Maoni yangu hapa hayayumbi. Mtu mzima anayeanza asiguse sheria ya kugeuza kiume na kike kwa miezi mitatu ya mwanzo, hata kama njia yake ni ya chuo. Ajifunze hesabu tupu, azisikie zikisomwa, azisome mwenyewe, ndipo aje kwenye vitu. Nimeona wazee wenye akili nzuri, wavuvi wanaokokotoa kichwani mgawo wa mafuta, karabai na watu sita bila kalamu, wakiambiwa wiki ya kwanza wakariri thalathatu na thalathu, na wiki ya tatu hawarudi. Hao hawakushindwa hesabu. Walipewa sarufi kabla ya hesabu.

Saa na fedha

Kwa anayesafiri, sehemu hii ina uzito kuliko zote zilizotangulia.

Saa ya Mwarabu wa leo inaanza usiku wa manane, kama ya simu yako. Chuoni saa hutajwa kwa namba ya mpangilio: as-sa'a al-khamisa, saa ya tano. Mtaani ni sa'a khamsa. Neno ni tano pande zote, lakini kwetu hiyo ni saa kumi na moja. Dada mmoja niliyeishi naye Muscat aliambiwa jioni kwamba wageni wa kesho wanafika sa'a sab'a. Alijua sab'a ni saba, akalala kwa amani akijua anayo asubuhi nzima. Wageni walifika saa moja. Zoezi la saa lazima lifanywe kwa kuruka sita: ukisikia sab'a, kichwa kiseme saa moja, ukisikia thalatha, kiseme saa tisa. Faraja ni kwamba vipande vya saa ni vyetu: wanasema "na nusu" na "na robo" kama sisi, na illa rub' ni kasorobo kabisa, ukiondoa robo.

Fedha nazo. Riali ya Oman ina baisa 1,000, tofauti na dirhamu ya Dubai yenye fils 100. Kwa hiyo risiti ya Oman ikiandikwa 1.500, hiyo ni riali moja na nusu. Macho yetu yaliyozoea shilingi yanaona elfu moja na mia tano. Ukiona nukta na tarakimu tatu nyuma yake, zile tatu ni baisa. Na muuzaji anaweza kusema khamsmiya tu bila kutaja baisa, akiwa na maana ya nusu riali. Hili hulikuti kwenye kitabu cha chuo, wala sikilaumu kitabu. Hakikuandikwa kwa ajili ya duka.

Kwa wafanyabiashara wa Makoroboi wanaoulizia habari ya Dubai, nawaambia ukweli kwamba wauzaji wengi wa Deira ni Wahindi na Wapakistani, na bei huonyeshwa kwenye kikokotoo. Kama safari yako ni ya siku tano ya kununua mzigo, jifunze makumi, mia na elfu kwa ajili ya heshima na bashasha, usijitese na mengine. Muscat kwenyewe utakutana na familia zenye asili ya Zanzibar zinazozungumza Kiswahili kizuri, lakini usitegemee hilo. Dereva, mlinzi na mwenye genge hawatakuwa wao.

Tarakimu za kuandika

Hizi watu huzisahau mpaka wanapofika. Ziko hivi, kuanzia sifuri mpaka tisa: ٠ ١ ٢ ٣ ٤ ٥ ٦ ٧ ٨ ٩. Waarabu wenyewe huziita tarakimu za Kihindi, kwa kuwa asili yake ni India, na hizi zetu za 0 mpaka 9 ni ndugu zake waliopitia kwa Waarabu kwenda Ulaya. Utazikuta Oman, Saudia na Misri. Moroko na Algeria wanatumia kama zetu.

Mtego uko katika chache. Kiduara ٥ ni tano, na sifuri ni kidoti ٠. Inayofanana na saba yetu, ٦, ni sita. Saba ni kama V, ٧, na nane ni V iliyopinduliwa, ٨. Mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja. Na ingawa maandishi ya Kiarabu yanatoka kulia, namba zenyewe zinasomwa kama zetu, kubwa kushoto: ١٩٦١ ni 1961, mwaka wa Uhuru.

Hapa mwanafunzi wa chuo ana bahati kubwa. Msahafu wake, kama ni chapa ya kawaida ya Madina, umejaa tarakimu hizi mwisho wa kila aya. Afungue Yasin, afuate namba za aya kwa kidole mpaka ٨٣, kila siku baada ya Magharibi. Wiki mbili zinatosha. Asiyekuwa na msahafu aombe ndugu aliyeko huko ampigie picha risiti za duka au vibao vya bei. Nazo ni somo zuri.

Ukae na nani

Kwa Mwanza naona milango mitatu. Ustadhi wa chuo anakupa matamshi, mpangilio na subira, na mara nyingi hachukui ila sadaka. Upungufu ni kwamba darasa lake limepangwa kwa ajili ya kusoma, na wewe mtu mzima utaketi na watoto wanaojua kuliko wewe. Wengine hilo linawachoma. Nenda hata hivyo, ukamweleze wazi kwamba unataka hesabu kwanza. Maustadhi wengi ninaowafahamu hukubali kwa moyo mweupe wakiulizwa kwa adabu.

Aliyerudi kutoka Oman anakupa kasi na maneno ya dukani. Anasema namba kama zinavyosemwa, bila kuzipunguzia mwendo, na hiyo ndiyo dawa ya sikio. Ila wengi wao hawawezi kueleza kwa nini, na makosa yao ya matamshi utayarithi. Mchague aliyekaa miaka, si miezi, na muulize akusomee namba yake ya simu ya huko haraka. Akisita, endelea kutafuta.

Simu ni ya kurudia, si ya kuanzia. Programu nyingi za kujifunza lugha zinafundisha fus-ha, na video nyingi ni za Wamisri, kwa hiyo mtu anayekwenda Muscat anaweza kujikuta na talata mdomoni. Kitu ambacho simu inafanya vizuri ni kurekodi. Mwombe dada yako aliyeko huko akurekodie namba 20 ovyo ovyo, asizipange, akutumie leo. Kesho umrudishie wewe.

Basi mimi ningechagua hivi. Mwenye safari ndani ya miezi mitatu achukue ya mtaani, lakini matamshi akayakague kwa ustadhi walau mara nne kabla ya kuondoka. Mzazi anayetaka kumfuatilia mtoto chuoni, au mtu anayetamani kuuelewa msahafu, achukue fus-ha na asiangalie pembeni. Ya mtaani itamjia kwa wiki mbili siku akiihitaji, kwa sababu kutoka fus-ha kwenda mtaani ni kupunguza, na kupunguza ni kwepesi kuliko kuongeza. Kijana wa shule asiye na haraka wala safari, naye fus-ha. Asiyeweza kuamua aanze na makumi, ambayo kwa pande zote yanatofautiana mkia tu, na kabla ya mwezi kwisha atajua moyo wake umeelekea wapi.

Binti yule alibaki na karatasi ya dada yake. Ile ya ustadhi aliikunja akaiweka ndani ya juzuu yake, akasema ataihitaji akirudi. Juzi alikuja tena na daftari, ameandika namba kumi na nne za daladala alizozisimamia Buzuruga. Nilimsomesha zote kwa haraka bila kumpa nafasi ya kufikiri. Kumi na mbili alizipata sawasawa, na mpangilio hakuukosea hata mara moja. Mbili alizokosa, moja ilikuwa na 79 ndani yake, nyingine 97. Tulirudia hizo mbili mpaka taa za wavuvi wa dagaa zikaanza kuwaka ziwani.